Bata au Mtoto

Ungeulizia mtaani kwa jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake, watu wangekutazama kama umepotea njia. Lakini ukisema Sponji, hata mtoto wa chekechea angekufikisha mlangoni. Alikuwa fundi makochi, mtu mfupi wa miaka hamsini na minne, kifua kipana, vidole vimekakamaa kwa gundi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la rangi. Upande mmoja alikaa yeye na makochi yaliyovuliwa vitambaa yakabaki mbao na springi, kati ya magunia ya sponji na manyoya ya kujazia. Upande wa pili, dirishani, alikaa mkewe na cherehani, akishona foronya na mapazia. Miaka ishirini na sita walifanya kazi hivyo, wakipokezana mkasi mmoja mzuri na kugombania redio.

Sponji alikuwa na kipaji cha kubana misumari midogo sita midomoni na bado akaongea. Mkewe alisema siku atakayonyamaza wataita daktari kwanza, maswali baadaye. Mteja alileta kiti kimoja tu, akaondoka baada ya saa nzima akiwa amesikia hadithi tatu na kusahau alikokuwa anakwenda.

Katika hadithi zake zote, moja tu hakuwahi kuimaliza, kwa sababu mwisho wake hakuujua.

Alipokuwa na miaka saba, nyumba moja tu katika safu yao ndiyo iliyokuwa na televisheni, nyumba ya karani wa posta. Kila Jumamosi alasiri kulikuwa na kipindi cha vita kilichotengenezwa ng'ambo, kwa lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyeielewa. Watoto walikiita Makofia, kwa ajili ya kofia za chuma za wale askari. Walioalikwa walikaa ndani sakafuni. Wasioalikwa walining'inia dirishani. Sponji na dada yake walikuwa watu wa dirishani, maana mama yao na mke wa karani walikuwa hawasemeshani kwa ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo.

Sehemu moja ya kipindi hicho ilimganda Sponji kichwani. Askari yuko peke yake, kajificha kwenye chumba cha chini ya nyumba, kati ya magunia ya viazi. Kwapani amembana bata bukini mkubwa mweupe, na kwa mkono mwingine amemfumba mdomo. Juu ya dari maadui wanatembea, buti kwa buti, na vumbi linadondoka katika nyufa za mbao. Bata akipiga kelele moja tu, askari kwisha. Na yule bata ametulia, jicho jeusi limekodoa, kana kwamba anamtazama Sponji mwenyewe. Basi. Hapo kumbukumbu ilikatika kama uzi.

"Hakukuwa na bata," dada yake alisema kila mara. "Alikuwa mtoto mchanga. Amefungwa blanketi jekundu, askari amembeba kifuani anavuka naye daraja, na adui kamsimamisha."

"Dada, wewe unaona watoto kila mahali, ndiyo kazi yako."

"Na wewe unaona manyoya kila mahali, ndiyo kazi yako."

Ubishi huo ulikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa zao wote wawili. Dada alimzidi Sponji miaka sita. Alikuwa mkunga, na mtaani hakuwa na jina jingine zaidi ya hilo, Mkunga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mjane aliyelea wanawe wawili mpaka wakahamia mbali. Sponji alimwogopa kidogo na kumpenda sana, kama wadogo wengi na dada zao wakubwa.

Mwaka ule alipofikisha miaka sitini, Mkunga alistaafu. Sponji na mkewe wakamwandalia chakula cha mchana nyumbani kwao, wakaja wakunga wenzake wanne na majirani wachache. Baada ya kula, mkunga mmoja kijana akamwuliza, "Mama, ni nini hasa kilikuvuta kwenye kazi hii?"

Mkunga alifikiri kidogo. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Mtacheka. Ni kipindi cha televisheni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Kulikuwa na askari amembeba mtoto mchanga katikati ya vita. Bunduki huku na huku, na yeye anamshika yule mtoto kama yai. Nikajiambia, mimi nitakuwa mtu wa kuwashika hivyo."

Watu wakanyamaza kwa heshima. Na ndani ya ukimya ule, mdomo wa Sponji ukamtangulia akili. "Alikuwa bata!" akasema.

Meza nzima ikaangua kicheko, mpaka jirani mmoja akapaliwa na chai. Mkunga peke yake hakucheka. Alikunja kitambaa cha mezani mara mbili, akakiweka kando ya sahani, akasema, "Haya. Bata." Akaanza kuzungumza habari nyingine.

Wageni walipoondoka, mkewe Sponji alikuwa anasuuza vikombe. "Mume wangu," akasema bila kugeuka, "wewe una mdomo kama mfuko uliotoboka."

"Lakini ni kweli alikuwa bata."

"Una hakika?"

Miaka arobaini na saba alikuwa anabisha, na hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo kwa upole hivyo. Usiku ule ukampita bila raha. Asubuhi alikuwa ameamua. Ataitafuta sehemu ile ya Makofia mpaka aipate, na kama amekosea, atakwenda kwa dada yake kuomba radhi mbele ya walewale wageni.

Alianza na wateja. Kinyozi wa jirani alikikumbuka kipindi vizuri sana, ila alikumbuka vifaru tu. Mlinzi wa ghala la saruji aliapa kwamba mnyama aliyekuwamo alikuwa punda, na alikufa. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyeleta viti sita vya mezani, alisema vipindi vya vita havikuwahi kuonyeshwa Jumamosi, vilionyeshwa Jumatano, na Sponji ameota.

Kisha akamwendea binti yake. Huyo alikuwa mtunza maktaba, msichana mtulivu aliyerithi uso wa mama yake na ukaidi wa shangazi yake. Aliketi juu ya kochi lisilo na mgongo, simu mkononi.

"Haya baba, kipindi kiliitwaje?"

"Makofia."

Binti akaandika. "Nimepata kofia za jua, kofia za harusi, na kofia za kuogelea. Jina lake halisi?"

"Sisi tulikiita Makofia."

"Wahusika?"

"Kulikuwa na Sajini Kidevu."

"Hilo nalo mlimpa nyinyi."

"Basi angempa nani? Alikuwa na kidevu kama droo iliyofunguliwa!"

Binti alicheka, lakini hakukata tamaa. Alijua kundi moja mtandaoni la watu wanaopenda vipindi vya zamani, akaandika humo maelezo yote ya baba yake. Jua halikuzama kabla majibu hayajafika arobaini na matatu. Kila mtu alijua, na hakuna wawili waliojua kitu kimoja. Watu wawili walianza kutukanana juu ya ndege za vita. Lakini katikati ya vurugu hiyo mtu mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Kwani mmemsahau yule dada aliyekuwa anatokea kabla ya kipindi, anaeleza kwa Kiswahili yatakayotokea? Yeye ndiye aliyekuwa anajua. Yu hai, ni jirani ya mama yangu."

Sponji akapiga paji la uso. Alimwona tena, mwanamke mwenye nywele zilizopangwa vizuri na karatasi mkononi. Dirishani sauti haikufika sawasawa, kwa hiyo watoto walimwona tu akichezesha midomo, wakasubiri aondoke ili risasi zianze.

Wiki iliyofuata, Sponji akavaa shati la kutokea, akapanda ngazi za ghorofa tatu katika jengo la zamani lenye kuta za kijani. Aliyemfungulia mlango alikuwa bibi wa miaka themanini kasoro mmoja, mfupi wa umbo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Nywele bado zilipangwa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sema kwa sauti, sikio hili limestaafu kabla yangu."

Sponji akasema kwa sauti. Akaeleza habari ya Makofia, ya dirisha, ya askari na magunia ya viazi. Alipofika kwenye neno bata, bibi alishika mkono wa kiti.

"Bata bukini?"

"Ndiyo mama. Mweupe."

"Mweupe! Ee, yule bata alitaka kunikosesha kazi!" Akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani. "Keti, keti. Si hapo, hapo springi zitakuchoma. Keti kile kingine."

Sponji alikuwa ameshakiona kile kiti, na mikono ilikuwa inamwasha tangu alipoingia, lakini alijizuia.

Bibi akaeleza. Siku zile kanda zilifika kituoni siku mbili kabla. Yeye alijifungia na mtafsiri, akatazama, akaandika muhtasari kwenye daftari, kisha akausoma hewani moja kwa moja, bila kurekodi. Siku ya yule bata, alipofika mstari wa mwisho alikumbuka picha yenyewe, kicheko kikamshika mbele ya nchi nzima. Kesho yake akapewa barua ya onyo. Barua ile alikuwa nayo mpaka leo, ndani ya sanduku moja na madaftari yake. Kituo kilipohama jengo kilitaka madaftari yatupwe, yeye akayabeba nyumbani kwa mikoba ya sokoni.

Akalifungua sanduku, akapekua, akavaa miwani. Na alipoanza kusoma, sauti ikabadilika. Uzee ulitoka ndani yake, ikabaki sauti ya mtu anayewasemesha watu wengi asiowaona.

"Sehemu ya kumi na saba. Askari aliyepotezana na wenzake anafichwa na mama mmoja mkulima. Maadui wanapita nyumba kwa nyumba wakikamata kuku na bata wote. Mama huyo anamwomba askari ampelekee binti yake, ng'ambo ya mto, bata wake wa mwisho. Askari anamfunga bata ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, anavaa nguo za raia, anavuka naye daraja..."

"Blanketi?" Sponji akasema.

"Blanketi. Mlinzi wa adui anamsimamisha. Anafunua blanketi, anamwona bata. Anamtazama askari, anamtazama bata. Kisha anamfunika tena taratibu na kusema: Mtoto mzuri. Amefanana na baba yake. Na anawaacha wapite."

Hapo bibi akacheka tena, palepale alipochekea miaka arobaini na saba iliyopita. Sponji alijaribu kucheka naye, akashindwa. Alikuwa amepata alichokitafuta, na kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Dada yake hakuwa ameota. Aliona blanketi, aliona askari ameshika kitu kama yai. Ila ndani ya blanketi mlikuwa na bata. Maisha yote ya dada, kazi yote ile, yalianzia kwa bata!

Bibi akamwandikia jina halisi la kipindi, kwa ile lugha ya ng'ambo, herufi kwa herufi. Sponji alirudi nyumbani akiwa kimya kiasi kwamba mkewe alimshika shingo kuona kama ana homa.

"Usimwambie," Sponji akasema alipomaliza kumsimulia. "Au nimwambie alikuwa mtoto. Nimwachie."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Huyo mwanamke amezalisha watu kwa mshumaa, umeme umekatika, mvua inavuja. Unadhani ataangushwa na bata? Wewe ulimdharau mbele za watu. Usimdharau mara ya pili kwa kumficha."

Kwa hiyo Jumapili ikapangwa. Binti, akiwa na jina sahihi, aliipata sehemu ya kumi na saba kwa dakika nne, mahali ambapo mtu fulani asiyejulikana alikuwa ameweka sehemu zote. Akaunganisha simu na televisheni ya sebuleni. Bibi mtangazaji akaletwa kwa teksi, akiwa na daftari lake. Walikuja pia wale wakunga wanne na majirani, maana Sponji alisema waliosikia kosa lazima wasikie na radhi. Mkunga alikuja wa mwisho. Akawatazama wote.

"Kuna msiba?"

"Hakuna dada. Keti katikati."

Sponji akasimama, akakohoa. "Siku ile nilikukata kauli mbele ya wageni wako. Nimekosa. Naomba radhi. Sasa tutazame wote, halafu utasema unachotaka."

Kipindi kikaanza. Kwanza walishangaa kwamba hakikuwa na rangi hata kidogo.

"Blanketi langu jekundu liko wapi?" Mkunga akauliza.

"Karani alikuwa amebandika karatasi ya nailoni yenye rangi kwenye kioo cha televisheni," Sponji akakumbuka. "Juu buluu, katikati nyekundu, chini kijani."

Sajini Kidevu alipotokea, binti alikiri kwamba jina lilimstahili. Kisha kikafika chumba cha viazi, buti, vumbi, na bata. Sponji aliketi mbele kabisa ya kiti, mikono magotini. Jicho la bata lilikuwa vilevile. Hakusema "nilisema", na mkewe alimwona jinsi alivyojibana asiseme.

Mkunga alikunja uso. "Hii sikuiona kamwe."

Halafu askari akachukua blanketi. Akamviringisha bata taratibu, akamfunika kichwa, akamweka kifuani. Sponji hakuweza kumtazama dada yake. Daraja likaonekana, mlinzi akainua mkono, na hapo Mkunga akasema kwa sauti ndogo, "Hapa ndipo nilipopanda."

"Ulipanda wapi, shangazi?" binti akauliza.

"Kwenye ndoo. Tulikuwa na ndoo moja ya kusimamia pale dirishani. Mama alinituma mafuta ya taa, nikachelewa kurudi. Nilipofika nikamkuta yeye juu ya ndoo. Nikamshusha, nikapanda." Akamgeukia mdogo wake. "Ulilia. Ukaniuliza, 'Dada, kuna nini?' Nikakwambia, 'Amebeba mtoto.' Nawe ukasema, 'Si mtoto.' Nikakufinya, ukapiga yowe, na mke wa karani akatufukuza dirishani palepale."

Sponji alimkodolea macho. Alikuwa amesahau kabisa ndoo. Alikumbuka kufinywa, ila alidhani ni siku nyingine.

Mlinzi kwenye kioo akafunua blanketi. Akatazama. Bibi mtangazaji akasimama, akatafsiri kwa ile sauti yake: "Mtoto mzuri. Amefanana na baba yake."

Kisha Mkunga akaanza kutikisika mabega. Wakunga wenzake wakadhani analia, mmoja akamshika mkono. Lakini ilikuwa kicheko, kicheko ambacho Sponji hakukisikia kwa dada yake tangu afiwe na mumewe, kikatoka chini tumboni na kumlaza ubavu kwenye kochi.

"Watoto elfu tatu!" akasema, akifuta machozi kwa upindo wa nguo. "Elfu tatu na zaidi nimewapokea kwa mikono hii, kwa ajili ya bata!"

"Dada, hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Wewe humwoni anavyomshika? Tazama mkono ule chini ya kichwa. Hivyo ndivyo anavyoshikwa mtoto. Mimi nilijifunza mshiko, mdogo wangu. Kilichokuwamo ndani hakikunihusu."

Akamvuta kichwa, akamfinya shavu kwa nguvu kiasi cha kutosha. "Na nisamehe kwa ile ndoo."

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuondoka. Chai ilichemshwa mara mbili. Wakunga walimzunguka bibi mtangazaji wakitaka kuiona barua ya onyo, na bahati nzuri alikuwa nayo ndani ya daftari. Jirani aliyepaliwa siku ile alitaka kujua kama bata alifika. Alifika, wakamwona akishushwa mikononi mwa yule binti wa ng'ambo ya mto, amechafuka na amechukia.

Siku nne baadaye Sponji alipanda tena zile ngazi za kuta za kijani, akiwa na springi mpya, mkanda, na kitambaa cha rangi ya maboga alichokichagua mkewe. Alikifungua kile kiti kibaya palepale sebuleni, misumari midomoni, akiongea. Bibi aliweka sikio zima upande wake, akamkatiza mara kwa mara kurekebisha matamshi.

Tangu wakati huo Jumapili alasiri hukutana kwa Sponji, watu watano. Wameanza mwanzo, sehemu ya kwanza. Kila mara, kabla binti hajabonyeza simu, bibi husimama mbele ya televisheni na daftari lake na kuwaeleza yatakayotokea, na hakuna anayethubutu kumwambia akae kwa kuwa wataona wenyewe. Mkunga, ambaye nyumba yake ilikuwa imeanza kumwia kubwa, huja mapema kumenya viazi na wifi yake, na huondoka mwisho. Wiki iliyopita walifika sehemu ya ishirini na nne. Sajini Kidevu amejeruhiwa bega, na bibi anajua kama atapona, lakini amekataa katakata kusema.